Nyama ya Cypher: Wanaoigombea The Matrix na Wanachokiacha Mezani

Mei 17, 2020, tajiri Elon Musk aliandika kwenye Twitter akiwataka watu wameze kidonge chekundu. Ivanka Trump, bintiye rais wa Marekani wa wakati huo, akaitikia kwamba yeye keshakimeza. Haikuchukua muda Lilly Wachowski, mmoja wa ndugu wawili walioiandika na kuiongoza filamu iliyokizaa kidonge hicho, akawarushia wote wawili tusi. Mama wa mtoto alikuwa anawakana waliojifanya wajomba.

Wajomba hawakuondoka. Leo vijana mitandaoni, wa Kenya na Tanzania wakiwemo, hujiita "red pill" wakimaanisha kwamba wamezigundua hila za wanawake na hawadanganyiki tena. Mwalimu wa falsafa akitajiwa filamu hiyohiyo humkumbuka Plato. Mhubiri humwona Masihi. Mtu wa mrengo wa kushoto huona kiwanda na wavujajasho wake. Waliobadili jinsia huona habari zao wenyewe. Zaidi ya miaka 20 baada ya kutoka, The Matrix imekuwa shamba lisilo na hati: kila mtu ana mpaka wake na kila mtu ana shahidi. Hapa tutazipitia hoja za wadai wakuu, tuone nani ana mizizi ardhini na nani amepanda mti jana.

Filamu na mwaka wake

The Matrix ilitoka Marekani Machi 31, 1999. Ilipigwa Sydney, Australia, kwa takriban dola milioni 63, ikaingiza zaidi ya milioni 450 duniani kote. Machi 2000 ikatwaa Oscar nne, zote za ufundi: uhariri, sauti, athari za sauti na athari za picha. Hadithi yenyewe, ambayo ndiyo watu wanaigombea mpaka leo, haikupata hata moja.

Thomas Anderson huandika programu mchana, na usiku ni mdukuzi anayejiita Neo. Anatafutwa na Morpheus, ambaye humwambia kwamba ulimwengu anaoujua ni mwigo wa kompyuta. Kwa kweli mwaka unakaribia 2199. Mashine zimewashinda binadamu vitani, na watu wamelazwa ndani ya vifuko vya majimaji, wamechomekwa mirija na nyaya. Mashine zinafyonza nishati ya miili yao huku bongo zao zikilishwa ndoto ya mwaka 1999. Neo anawekewa vidonge viwili: cha bluu arudi kulala, chekundu aone. Anachukua chekundu. Yanayofuata mtazamaji wa kibanda cha video anayajua bila kusimuliwa: mapigano ya mtindo wa Hong Kong yaliyoandaliwa na Yuen Woo-ping, risasi zinazosimama hewani, na stelingi anayekufa kisha akaamka, maana stelingi hafi.

Mwaka wa ndoto haukuokotwa tu. Katika filamu, Ajenti Smith, mlinzi wa mfumo wa mashine, anaeleza kwamba mashine ziliuchagua mwisho wa karne ya 20 kwa kuwa ndio uliokuwa kilele cha ustaarabu wa binadamu. Wakati huo Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na Francis Fukuyama alikuwa ameshaandika, mwaka 1992, kwamba ubishi wa mifumo ya siasa umefika kikomo. Mtu wa tabaka la kati Marekani alikuwa na kazi, kompyuta na intaneti, pamoja na mashaka kwamba ameketi ndani ya sanduku. The Truman Show na Dark City zilitoka 1998, Fight Club ikafuata 1999. Zote zina mtu anayehisi kwamba maisha yake yamepangwa na mwingine. The Matrix hata ilipiga baadhi ya picha zake kwenye majengo ya maonyesho yaliyobaki baada ya Dark City.

Chanzo cha pili cha ubishi, baada ya mwaka wenyewe, ni upishi. Ndugu Wachowski walitia kila kitu chunguni: katuni ya Kijapani ya Ghost in the Shell ya 1995, riwaya ya William Gibson ya 1984 iitwayo Neuromancer, kungfu, Biblia, hadithi ya Alice, na falsafa ya Kifaransa. Ni pilau. Anayetafuta iliki ataipata, na anayetafuta mdalasini ataupata, kisha watabishana jioni nzima nani kala chakula halisi.

Shaka: je, hiki ninachokiona kipo?

Usomaji maarufu kuliko wote ni wa shaka ya kifalsafa. Plato, katika kitabu cha saba cha Jamhuri, anaeleza wafungwa waliofungwa pangoni tangu utoto wakitazama vivuli ukutani na kuvidhania vitu. Mmoja akifunguliwa na kutolewa nje, mwanga unamuumiza macho. Neo naye baada ya kutolewa kwenye kifuko huuliza kwa nini macho yanamuuma, na huambiwa kwamba hajawahi kuyatumia. René Descartes, mwaka 1641, alijiuliza itakuwaje kama kuna jini mwenye nguvu anayemdanganya katika kila anachokiona na kukigusa.

Wasomaji wetu wa pwani wanaweza kwenda nyuma zaidi ya hapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anasimulia jinsi alivyozishuku hisi zake. Jicho huona nyota ni ndogo kama dinari, na hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Akili ikaisuta hisi. Lakini akaendelea: itakuwaje kama juu ya akili kuna hakimu mwingine ambaye hajajitokeza, na akijitokeza ataisuta akili vilevile, kama kuamka kunavyoisuta ndoto? Hiyo ndiyo The Matrix, zaidi ya miaka 500 kabla ya Descartes. Na Ghazali hakujitoa katika shaka hiyo kwa hoja. Anasema alitolewa na nuru aliyotiwa na Mungu kifuani.

Nguvu ya usomaji huu ni kwamba umeipa falsafa darasa. Hata wasioafikiana walipata pa kushika. Hilary Putnam alikuwa amedai mwaka 1981 kwamba ubongo uliolelewa ndani ya chombo cha maabara tangu mwanzo hauwezi hata kusema kwa maana kamili kwamba uko ndani ya chombo, kwa kuwa maneno yake hayajawahi kugusana na chombo chochote halisi. David Chalmers, katika makala ya 2003 iliyoandikwa kwa ajili ya tovuti ya filamu yenyewe, alikwenda upande mwingine: hata kama tumo ndani ya mwigo, meza na miti bado vipo, tumekosea tu kuhusu vimetengenezwa kwa nini. Aliyeishi humo hakudanganywa kuhusu kiti alichokalia, kama vile babu zetu hawakudanganywa kuhusu viti vyao kwa sababu tu hawakujua habari za atomu. Mwaka huohuo Nick Bostrom akatoa hoja ya uwezekano: iwapo viumbe wa baadaye wataweza na watapenda kuendesha miigo mingi ya watu kama sisi, basi wengi wa watu wenye fikra kama zetu watakuwa wamo ndani ya miigo.

Ni hoja tamu. Tatizo ni kwamba filamu haikai nazo. Shaka ya Descartes inauma kwa sababu haina nje. Huwezi kutoka ukahakikisha. The Matrix inatutoa nje kabla haijafika nusu, ikatuonyesha vifuko na anga jeusi, na tangu hapo mtazamaji hana shaka hata kidogo ni upi ulimwengu wa kweli. Rangi zenyewe zinamwambia: kijani ndani, buluu nje. Anayeisoma filamu hii kama maswali juu ya ujuzi ameusifia mlango na hakuingia nyumbani.

Mwanafalsafa aliyeikana filamu

Mapema kabisa, Neo anatoa diski za magendo kutoka ndani ya kitabu kilichochongwa tumbo. Kitabu hicho ni cha Mfaransa Jean Baudrillard, kilichotoka 1981, kinachohusu nakala zisizo na asili na mwigo wa mambo. Waigizaji wakuu walitakiwa kukisoma. Hoja ya Baudrillard, kwa ufupi wa kikatili, ni kwamba picha na matangazo vimezidi hata havifuniki tena ukweli wowote. Hakuna kitu kilichobaki chini yake cha kufunuliwa.

Alipohojiwa na Le Nouvel Observateur mwaka 2003, mzee huyo hakushukuru. Alisema waandishi wamemwelewa vibaya: wamelichukua tatizo la mwigo, ambalo kwake ni jipya, wakaligeuza kuwa tatizo la njozi, ambalo ni la zamani kama Plato. Akaongeza kwamba hii ndiyo filamu ambayo mfumo wenyewe ungeitengeneza kujihusu.

Ana haki kwa kiasi kikubwa. Filamu inayotuamuru tuamke iliuza simu ya Nokia 8110, na ile ya 2003, The Matrix Reloaded, ikaja na simu ya Samsung na magari ya Cadillac. Lakini hata yeye alipitwa na jambo moja. Katika Reloaded, Neo anakutana na Mbunifu wa mfumo na kuambiwa kwamba yeye, mkombozi aliyetabiriwa, ni Mteule wa sita, na kwamba mji wa waasi, Zion, huruhusiwa kukua kisha ukabomolewa, tena na tena. Uasi ni pampu ya kutolea mvuke. Mwanafalsafa Slavoj Žižek, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameikosoa filamu, baadaye akataka kidonge cha tatu, kitakachoonyesha ukweli uliomo ndani ya njozi yenyewe badala ya kuuweka nyuma yake. Watazamaji wengi walitoka kwenye Reloaded wakinung'unika kwamba mazungumzo yamezidi mapigano. Mazungumzo hayo ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na Baudrillard.

Masihi, Buddha, au wajuzi wa siri

Dalili za Ukristo zimemwagwa kama mchele wa harusi: mwasi aitwaye Trinity, mji wa Zion, msaliti anayekula na maadui, mteule anayekufa na kufufuka. Merikebu ya Morpheus, Nebukadneza, ina kibao kinachosomeka kwa namna ya kuelekeza Marko 3:11. Lakini mkombozi huyu haondoi dhambi ya mtu. Anaondoa ujinga, na anaua walinzi wengi kwa bunduki akiwa njiani. Ndiyo maana Frances Flannery-Dailey na Rachel Wagner, katika makala yao ya 2001, waliuona humo Ugnostiki na Ubuddha kuliko Injili: ulimwengu uliotengenezwa na muumba wa chini asiyetutakia mema, walinzi wanaozuia njia, na wokovu kwa njia ya kuamka. Mtoto anayepinda kijiko kwa fikra amevaa kama mtawa wa Kibuddha, tena si kwa bahati.

Misri iliichukulia dini ya filamu hii kwa uzito kuliko wahakiki wengi. Mwaka 2003 wachunguzi wa filamu walipiga marufuku Reloaded wakitaja jinsi inavyogusa mambo ya uumbaji na muumba, pamoja na ukatili wake. Udhaifu wa usomaji wa kidini ni wepesi wake: ukishapata alama 20 bado hujasema alama hizo zinafanya kazi gani.

Kasumba na mirija

Kiswahili kilikuwa na kidonge cha bluu kabla ya Hollywood. Neno lake ni kasumba. Kwa asili ni afyuni, kitu cha kulevya. Katika siasa za Tanzania likawa jina la fikra alizoachiwa mtawaliwa na mtawala, ambazo huzitetea kama zake. Kina Marx waliita jambo hilo fahamu potofu. Kasumba ni neno bora, maana linakumbusha kwamba mtu huipenda. Na kizazi kilichokulia chini ya Azimio la Arusha la 1967 kilisikia kuhusu wanyonyaji na mirija yao siku nyingi. Kikioneshwa shamba la binadamu waliochomekwa mirija, hakihitaji mkalimani.

Usomaji wa kijamii unaanzia hapo. Ofisi ya Neo ni safu za vibanda vinavyofanana, na bosi anamkumbusha kwamba kampuni ni mwili mmoja na yeye ni kiungo tu. Muda mfupi baadaye tunaona vifuko, navyo vimepangwa safu kwa safu. Picha hizo mbili zinasomana. Max Horkheimer na Theodor Adorno, katika miaka ya 1940, waliandika kuhusu tasnia ya burudani inayompumzisha mfanyakazi ili kesho arudi kazini vilevile. Hapa burudani na kazi vimekuwa kitu kimoja, kwa kuwa kuota ndiko kuzalisha.

Kuna kipengele cha rangi pia. Maajenti ni wazungu waliovaa suti na tai. Zion, mji wa walio huru, umejaa weusi na watu wa mataifa mbalimbali, na Cornel West, mwanafalsafa Mmarekani mweusi, aliigiza diwani wake katika filamu mbili za 2003. Morpheus, aliyeigizwa na Laurence Fishburne, anamwambia Neo kwamba amezaliwa mtumwa, na neno hilo kinywani mwa Mmarekani mweusi lina uzito ambao mwingine asingeweza kuupa. Wapinzani hujibu kwamba Morpheus na mama mtabiri, aliyeigizwa na Gloria Foster, kazi yao ni kumwandalia njia mteule asiye mweusi. Kumpinga Keanu Reeves, mwigizaji wa Neo, kwa rangi si rahisi sana, maana alizaliwa Beirut na upande wa baba ana damu ya Kihawaii na Kichina, lakini hoja kuhusu nafasi ya Morpheus haijavunjika. Tena Will Smith amekiri hadharani kwamba aliletewa nafasi ya Neo akaikataa. Angeikubali, nusu ya makala za miaka ile zisingeandikwa.

Wanafizikia nao wana lao. Mwili uliotulia hutoa joto la takriban wati 100, na ili uendelee kuishi lazima ulishwe nishati zaidi ya hiyo. Kumfuga binadamu kama betri ni kumnywesha ng'ombe maziwa ili umkamue. Isitoshe, Morpheus mwenyewe anataja kwamba mashine zina aina ya nishati ya kinyuklia. Kwa mhandisi hadithi imeporomoka. Kwa msomaji wa kijamii imesimama, kwa sababu mirija haikuwekwa pale kufafanua umeme.

Kidonge mikononi mwa wengine

Mwaka 2012 kundi la wanaume kwenye Reddit lilikichukua kidonge chekundu na kukipa maana yake ya sasa: dunia inawapendelea wanawake, na mwanamume aliyeamka aujue mchezo. Ni rahisi kuona kwa nini picha hiyo iliwafaa. Inampa mtu hadhi ya mteule bila kazi yoyote, na kila anayempinga huwa amelala. Ila kila kitu kingine kimeachwa. Neo akishameza hapati ushindi. Anapata uji usio na ladha, nguo zilizochakaa, na anatapika. Anayemfufua mwishoni ni Trinity, mwanamke, kwa upendo. Na mfumo unaoasiwa umevaa sura ya wanaume wenye tai.

Upande wa pili, Lana Wachowski alijitangaza hadharani mwaka 2012 kuwa amebadili jinsia, Lilly akafuata 2016, na Agosti 2020 Lilly akasema kwamba habari za waliobadili jinsia ndizo zilizokuwa nia ya mwanzo, ila dunia ya makampuni haikuwa tayari. Ushahidi upo: mhusika Switch alikusudiwa kuwa mwanamume nje na mwanamke ndani ya mwigo, na Smith anang'ang'ania kumwita Neo Bwana Anderson mpaka Neo anamkatalia jina hilo. Kuna pia wanaolinganisha rangi ya kidonge na ya dawa fulani ya homoni ya miaka ile, na hapo wamevuta kamba mno. Msomaji asiyeafikiana na waongozaji kuhusu maisha yao bado anapaswa kukubali kwamba uzi huu umo kitambaani. Swali ni kama nia ya mtunzi inafunga mjadala. Kwangu haifungi: Baudrillard naye alikuwa katika nia yao, na wakamkosea.

Nyama ya Cypher

Tukio linalopima usomaji wote huu halina risasi hata moja. Cypher, mmoja wa mabaharia wa Nebukadneza, ameketi mgahawani ndani ya mwigo pamoja na Ajenti Smith, mbele yake pande la nyama. Anajua kwamba nyama haipo. Anajua mwigo ndio unaouambia ubongo wake kwamba ni laini na ina juisi. Baada ya miaka tisa ya uji na baridi, anawauza wenzake ili arudishwe, na masharti yake ni mawili: asikumbuke chochote, na awe tajiri, mtu mashuhuri kama mwigizaji wa sinema.

Wenye shaka hawana la kumwambia. Cypher hana tatizo la ujuzi. Wenye kidonge chekundu wamekwama vilevile, kwani alikimeza zamani, na kuona kumemfanya msaliti. Msomaji wa kidini humwita Yuda na kuendelea. Mwanafalsafa Robert Nozick ndiye aliyemkaribia, miaka 25 kabla: mwaka 1974 alituuliza kama tungekubali kuunganishwa na mashine inayotoa raha zote, akidhani wengi wangekataa kwa kuwa tunataka kuishi, si kuhisi tu kwamba tunaishi. Mwaka 2010 Felipe De Brigard aliligeuza swali. Aliwaambia watu wajidhanie wamo tayari ndani ya mashine, kisha akawapa nafasi ya kutoka. Wengi walisita au wakachagua kubaki. Inaelekea tunachokishikilia mara nyingi ni mazoea, na ukweli tunautaja tu kwa heshima.

Kwa hiyo uzito unaangukia upande wa usomaji wa kijamii, kwa kuwa ndio pekee unaoweza kuuliza nani analipa bili ya mgahawa ule. Kasumba inaeleza kwa nini mtu hutamani kurudi; mirija inaeleza kwa nini anakaribishwa. Gharama ya kuichagua njia hii ni kwamba tunaipoteza ile hofu tamu ya Ghazali na Descartes, na tunapaswa kuvumilia filamu inayohubiri dhidi ya makampuni kwa fedha za Warner Bros. Lana Wachowski, alipotengeneza The Matrix Resurrections bila Lilly mwaka 2021, hakuficha jambo hilo: ndani ya filamu Neo anaambiwa kwamba Warner Bros. imeamua kutoa toleo jipya, wakitaka wasitake.

Hata hivyo usomaji huu nao una ufa, na ufa wenyewe unaonekana Nairobi. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuhusu wafanyakazi wa jiji hilo waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya mauaji, mateso na unyanyasaji wa watoto, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Filamu inachukulia kwamba wanaoilisha mashine wamelala, na kwamba kuwaamsha ndiyo kazi iliyobaki. Wafanyakazi wale walikuwa macho zamu nzima, wakijua mshahara wao. Waliokuwa usingizini ni watumiaji, huko mbali, waliokuwa wakiletewa majibu yaliyokwisha kusafishwa.